Nilisaini karatasi iliyomnyima Kabula urais wa chuo

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi sana. Leo naumaliza. Majina nimebadilisha na chuo sikitaji, lakini yaliyotokea ni haya haya, na mtu mbaya humu ndani ni mimi. Sijajipamba popote.

Mimi ni wa Kasoli. Nyumbani tunalima pamba na mpunga kidogo. Nilisoma diploma kwenye chuo kimoja pale Bariadi, chuo cha kawaida tu, wanafunzi mnafahamiana kwa sura karibu wote.

Mwaka wa kwanza nilikaa dawati moja na binti wa Mwanhuzi, nimwite Kabula. Kwao wafugaji. Mrefu, mkimya, ila akishaanza kuuliza swali darasani mwalimu anaweka chaki chini kabisa.

Mwaka wa pili baba yangu alivunjika mguu, na pamba ilikuwa imeshapasuka shambani. Nikaenda nyumbani kuvuna, nikakosa wiki tatu za vipindi. Niliporudi nilikuta Kabula ameninakilia notisi za masomo yote kwa mkono wake. Daftari zima. Hata michoro alichora.

Nilimuuliza, "Umepata wapi muda wote huu?"

Akasema, "Wewe soma kaka, maswali baadaye."

Nataka mjue huyu alikuwa mtu wa namna gani kwangu kabla sijaendelea.

Sasa hosteli ya wasichana ilikuwa na shida ya maji. Tenki lipo, bomba zipo, maji hakuna. Wasichana walikuwa wanashuka mtoni, mto mkavu, wanachimba mchanga mpaka maji yachuruzike, wanachota kwa kikombe kujaza ndoo. Wanakosa kipindi cha asubuhi. Watatu walilazwa kwa taifodi muhula ule ule.

Kabula akachukua fomu ya urais wa serikali ya wanafunzi. Kampeni yake yote ilikuwa jambo moja, maji. Alisimama bwaloni akauliza mbele ya watu wote kwa nini nyumba za watumishi zinapata maji kila siku na hosteli haipati, wakati pampu ni moja. Akasema akichaguliwa ataandika barua kwa bodi ya chuo.

Watu walipiga meza mpaka uji ukamwagika.

Mpinzani wake alikuwa jamaa wa Malampaka, mcheshi, hana ubaya na mtu. Simlaumu kwa lolote.

Na mimi nilikuwa wapi? Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Nilichaguliwa kwa sababu watu waliniona mtulivu. Siku naapishwa Kabula alinipa mkono akaniambia, "Usinipendelee." Nikamwambia siwezi. Tukacheka.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi. Tulipigia kwenye ndoo za plastiki tulizotoboa vifuniko. Tukahesabu darasani, mlango wazi, mawakala wa pande zote wapo, kura inasomwa kwa sauti na kijiti kinachorwa ubaoni. Kufika saa kumi jioni hata mtu aliyekaa nyuma kabisa alikuwa ameshaona. Kabula alimwacha mwenzake mbali. Jamaa wa Malampaka mwenyewe alimfuata akampongeza.

Ilibaki nijaze fomu na kutangaza.

Hapo ndipo nikaitwa ofisini kwa mlezi wa wanafunzi.

Alikuwa mtu mpole wa kuongea, jamani. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akaniambia, "Mwenyekiti, karibu, kaa."

Nikakaa.

"Huyu binti ana somo hajamaliza tangu mwaka wa kwanza. Kanuni zinasema mwenye somo la kurudia hagombei. Tume yako iliteleza, lakini bado tunaweza kurekebisha."

Nikamwambia, "Mwalimu, lile somo alirudia na akafaulu. Matokeo yalibandikwa. Tulienda kuyaangalia pamoja."

"Wewe uliona ubao. Mimi naona mfumo."

Akavuta faili lingine, akalifungua taratibu. Lilikuwa langu.

"Na wewe mahudhurio yako muhula huu yakoje?"

"Baba alivunjika mguu, mwalimu. Nilileta barua ya ruhusa."

"Barua nimeiona. Bado sijaamua."

Alinisogezea karatasi iliyochapwa tayari, juu yake kalamu.

Wakuu, pale chuoni mahudhurio yasipofika hufanyi mtihani. Usipofanya mtihani unarudia mwaka. Nilimuona baba na ule mguu. Nilimuona mama akiwaambia watu kanisani kwamba mwanae anamaliza mwaka huu.

Nikaomba nikazungumze na wenzangu wa tume. Akasema wenzangu watasaini nikishasaini mimi.

Nikasaini. Na kweli, wenzangu wakasaini bila kuuliza.

Nilitangaza nimesimama juu ya benchi nje ya bwalo. Nilisoma ile karatasi kama ilivyo, kwamba kwa mujibu wa kanuni mgombea fulani amepoteza sifa na mgombea anayefuata ndiye mshindi.

Zikaanza kelele.

Kabula alikuwa mbele, hatua chache kutoka kwangu. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kama yuko darasani, akasubiri watu wanyamaze, akauliza, "Mwenyekiti, ni somo gani?"

Nikaangalia karatasi. Jina la somo halikuwepo. Nilikuwa nimesaini kitu ambacho hakikutaja hata somo.

Nikasema, "Mwenye malalamiko ayaandike." Nikashuka.

Jumatatu wanafunzi hawakuingia darasani. Walikaa chini mbele ya jengo la utawala. Kufika mchana mtu akarusha jiwe, kioo cha dirisha kikapasuka. Wakati huo nilikuwa pembeni, na niliona kila kitu kwa macho yangu. Kabula ndiye aliyekimbia mbele, akasimama kati ya watu na dirisha, mikono juu, anapiga kelele, "Hapana! Msirushe! Mtatuharibia!" Akawarudisha nyuma mmoja mmoja. Bila yeye siku ile ingekuwa mbaya zaidi.

Kesho yake akaitwa kamati ya nidhamu kwa kosa la kuchochea vurugu. Na mimi nikaitwa kama shahidi.

Waliniuliza swali moja tu. "Wakati kioo kinapasuka, alikuwa mstari wa mbele au hakuwa?"

Nikajibu, "Alikuwa mbele."

Nikanyamaza. Wakaandika. Wakaniambia asante, unaweza kwenda.

Mpaka leo sijawahi kusema neno la kweli lililo chafu kama lile.

Kabula akasimamishwa masomo mwaka mmoja.

Baba yake alikuja kumchukua. Nilikutana naye getini mchana wa jua kali. Mzee wa watu, kofia ya kitambaa, viatu vya matairi, fimbo mkononi na galoni ya maziwa mgando. Nikamsalimia kwa Kisukuma cha kwetu, "Mwadila, baba." Akaitikia, akanitazama vizuri.

"Wewe ndiye yule wa Kasoli? Kabula anakutaja sana nyumbani."

Nikasema ndiyo.

Akanikabidhi ile galoni. Alikuwa ameibeba kutoka Mwanhuzi kwa ajili ya marafiki wa mtoto wake. Akasema, "Wabeja, asante kwa kukaa na huyu mtoto. Nasikia mlimpigania." Halafu akaniomba nimsaidie kubeba sanduku.

Tukalibeba, yeye upande huu na mimi upande ule, mpaka barabarani. Kabula alitembea nyuma yetu amebeba godoro. Hakusema neno kwa baba yake kuhusu mimi. Angeweza kusema. Njia nzima nilikuwa nasubiri aseme, na hakusema.

Gari walilopanda lilipoondoka nilibaki nimeshika galoni. Maziwa sikuyanywa. Niliwapa watu wa chumba cha jirani.

Sasa sikilizeni hii. Wiki mbili kabla ya mtihani nilikwenda kwa mwalimu wa darasa kuuliza mahudhurio yangu. Akashangaa. "Wewe si ulisharuhusiwa? Barua yako ilipita zamani, kabla hata ya uchaguzi wenu." Akanionyesha mhuri na tarehe.

Yaani siku ile niliyokaa ofisini, suala langu lilikuwa limeshakwisha. Hapakuwa na kitu cha kuamua. Mlezi alijua. Ni mimi tu ambaye sikujua, na sikufikiria hata kwenda mlango wa pili kuuliza.

Nilifanya mtihani, nikafaulu. Nyumbani walichinja mbuzi. Baba alisimama kwa mkongojo akatoa hotuba, akasema mwanae ni mtu wa haki, ndiyo maana wenzake walimpa kusimamia kura. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu mpaka wageni wakaanza kuaga.

Mwaka wa Kabula ulipoisha, chuo kilimwambia anaweza kurudi akiandika barua kukiri kwamba alichochea na kuomba radhi. Alikataa. Akasema hawezi kukiri kitu ambacho hakufanya. Mpaka leo hajarudi.

Nilipopata cheti mkononi, nikaandika barua ya kurasa mbili. Niliweka kila kitu, karatasi, kalamu, ushahidi wangu kwenye kamati. Nikasaini. Nikapanda gari mpaka Mwanhuzi.

Nilimkuta kwenye duka la dawa za mifugo, ameajiriwa pale. Alikuwa anamweleza mama mmoja namna ya kupima dawa ya minyoo ya ng'ombe. Akanipa kiti. Alipomaliza na mteja nikampa barua.

Aliisoma yote, akarudia. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulisubiri cheti kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Hii usiniletee mimi. Mimi nilikuwepo. Wapelekee ambao hawakuambiwa."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Kaka, kuna wateja."

Nikatoka.

Barua niliipeleka chuoni wiki ile ile. Yule mlezi alishahamishwa. Karani aliipokea, akaigonga mhuri, akaniambia nisubiri nitapigiwa. Nimeenda mara tatu. Mara ya mwisho aliniambia wale ni wanafunzi wa zamani, uongozi ni mpya, suala hilo halimo kwenye faili lolote analolijua. Na nasikia wasichana bado wanachimba mchanga mtoni.

Fundisho? Nimelitafuta lililo zuri nikalikosa. Ninachoweza kuwaambia vijana mliopo vyuoni, hasa mnaopewa vyeo vya tume, ni kwamba mkiwekewa karatasi mbele msisaini ndani ya chumba kile. Simameni, tokeni nje, ulizeni mtu mwingine hata mmoja. Mimi ningeuliza mtu mmoja tu, Kabula angekuwa na diploma yake leo.

Wanaotaka kunisema waniseme, sitajibu wala kujitetea. Ila kama humu kuna mwanasheria, au mtu aliyewahi kukaa kwenye bodi ya chuo, naomba anisaidie jambo moja. Ushahidi ukirekebishwa na shahidi mwenyewe baada ya mwaka na zaidi, kuna mlango wowote unaopokea? Nakala ya barua ninayo. Nipo tayari kuitwa, hata kama itabidi cheti changu nikirudishe.