Mabati kwenye Njia ya Korongoni

Asubuhi ile nilikuta njia yetu ya kushukia korongoni imezibwa kwa mabati. Mapya, yanang'aa. Nilikuwa na mwanangu mgongoni, ndoo na jembe mkononi, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Korongo letu hapa Mkonze ni mto wa mvua tu. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Wageni huliita jalala. Kwetu ndiyo bustani, ndiyo uwanja. Jioni tunashuka na watoto, wakubwa wanacheza mpira, wadogo wanajifukia miguu. Mwanangu alikuwa amepita miaka miwili hatembei. Kliniki waliniambia nimzoeze kwenye mchanga laini, aanguke bila kuumia. Uani kwangu ni mawe matupu. Mchanga ni ule, na sasa kuna mtu kaufungia!

Aliyeziba ni jirani mpya, mstaafu aliyehamia na mkewe. Nikagonga geti lake kwa ngumi. Alipotoka, mdomo ukanisaliti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Sasa hapo ugomvi unauanzaje? Nikauanza hivyo hivyo. "Umetuzibia njia kwa nini? Korongo umelinunua?"

"Nimewachoka wezi wa mchanga. Kila siku nawaona na ndoo na majembe. Mtachimba mpaka ukingo uporomoke na nyumba yangu juu yake."

Wezi! Nilicheka kwa hasira. "Baba, tunachimba maji. Vaa viatu twende."

Mkewe akadakia kutoka ndani: "Nenda! Tangu tuhamie umekaa dirishani kama kuku anayeatamia."

Akasogeza bati moja, tukapita. Katikati ya korongo, mbali na ukingo wake, nikamketisha mtoto na kuchimba. Mchanga ukalowa, maji yakajikusanya, kwanza ya matope, halafu safi. Nikachota, nikanawa uso, nikazungushia miiba ng'ombe wasivuruge.

"Mchanga wako huo hapo pembeni," nikamwambia. "Nani kaondoka nao?"

Alichovya mkono majini. Mwanangu alikuwa anakula mchanga.

Jioni ile mabati yaliondoka. Siku hizi ni banda la kuku wa mkewe. Mimi nilirudi nyumbani nimechoka, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu siku ile ya kliniki.

Tukaendelea kushuka. Jioni moja, mvua zikiwa bado, nilikuwa nimeinamia kisima, kichwa chini, niliposikia yule mstaafu akipiga kelele kutoka dirishani kwake.

"We mama! Geuka! Anatembea!"

Niligeuka. Mwanangu alikuwa ameshaanguka, kakaa kwenye mchanga anacheka, na nyuma yake kuna nyayo ndogo zimetoka kwenye ndoo mpaka hapo alipo.

Nikakasirika tena, haki ya Mungu. Mtoto wangu, na kaona yeye kwanza. Nikakaa chini pale pale nikalia, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.