Emérita Avusha Nyumba Yake

Emérita aliporudi Bihambwe kutoka kambi ya wakimbizi, alikuta kijiji kimeota majani. Ua wa miyenzi, vichaka vilivyotenganisha mashamba, ulikuwa umeteketea. Shemeji yake, Evode, akamwonyesha kwa kidole mahali shamba la marehemu mume wake lilipoanzia, pale juu ya kijito. Emérita akamwamini. Akapasulisha mikaratusi aliyonunua, akajenga nyumba ya mbao, akaiezeka mabati.

Hata hajaizoea, akatokea Sebarenzi, mfugaji aliyekuwa amekimbilia Goma, pamoja na wazee waliokumbuka mipaka. Evode alikuwa amekosea. Mpaka ulikuwa kijito chenyewe, na shamba la Emérita lilikuwa ng'ambo ya pili.

"Nyumba iko mu shamba yangu," Sebarenzi alisema kwa upole. "Basi nayo iko yangu. Utoke, mama, tusizozane."

"Shamba iko yenu, Papa, sikatale. Lakini mbao iko yangu."

Kesi ikaenda kwa chifu, naye akampa Sebarenzi haki: kilichosimama juu ya udongo ni cha mwenye udongo, kisiguswe. Watu wakamtazama Emérita, wakingoja aombe huruma. Yeye akaaga, akaenda moja kwa moja kupanda juu ya paa na nyundo. Wanawake wenzake wa kwaya wakamfuata. Wakang'oa bati, wakang'oa mbao, wakavuka kijito na mizigo vichwani huku Sebarenzi akipiga kelele.

Sebarenzi akamshitaki kwenye tribinali, mbele ya hakimu.

"Mama, chifu alikataza," hakimu alisema. "Sababu gani ulibomoa?"

"Nilikaa kambini chini ya sheeting ya plastiki miaka mingi, Papa Juge. Sitarudi kule sababu ya kosa moja. Hata mungenifunga, ningebomoa."

Evode akamvuta kitenge ili anyamaze. Hakunyamaza.

"Mashimo nilifukia. Mumuulize kama kuna kitu yake nilibeba."

Hakimu akamgeukia Sebarenzi, naye akatikisa kichwa kwamba hakuna. Hukumu ikatoka: shamba ni la Sebarenzi, mbao ni za Emérita, kwa kuwa alijenga kwa kukosea wala hakukusudia kuiba.

Mbao nyingine zilipasuka njiani, kwa hiyo nyumba ya ng'ambo ikawa ndogo zaidi, na mlango wake haufungi vizuri. Sebarenzi akipita na ng'ombe zake, huinamisha kichwa. Emérita husimama mlangoni na kumsalimu yeye kwanza, kwa sauti inayofika mpaka barabarani.