Msitu Uliopewa Sifuri

Kila Jumamosi Salvina hufagia njia ya kwenda chemchemi ya ukoo, huko Kibosho, na katika miaka arobaini na moja ya ndoa hajatoka na hata kijiti katika msitu mdogo unaoizunguka. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo: pale unaingia mikono mitupu, unatoka mikono mitupu. Kuni tafuta kwingine.

Kwa hiyo Gladness, mtafiti kijana kutoka Moshi mjini, alipofika na fomu zake, Salvina alidhani anatafuta wezi wa kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uliza tu."

"Unapata nini katika ule msitu?"

"Sipati kitu!"

"Na wengine wa ukoo?"

"Hakuna hata mmoja anayepata kitu. Uliza Kibosho nzima!"

Gladness akaandika sifuri, akashukuru, akaondoka.

Jioni Melkior, mume wa Salvina, alirudi kutoka mkutano wa kijiji. Kumbe fomu za Gladness ni za barabara mpya: itapita mahali ambapo watu hawapati faida yoyote, na faida inayoulizwa si kuni wala majani ya ng'ombe, bali utulivu, kumbukumbu na sala. Salvina alipomsimulia majibu yake, mzee alicheka hadi akakohoa.

"Mama Hosea, umeufyeka msitu kwa mdomo, hata panga hukushika!"

Salvina hakucheka. Asubuhi alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba la nyumbani, akateremka mbio hadi ofisi ya kijiji alikokuwa Gladness. Kule mlimani, anayeletewa isale kuombwa radhi hawezi kukataa. Gladness, aliyezaliwa Marangu, mlimani hukohuko, alilipokea kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Bibi, kwani umenikosea nini?"

"Nimekujibu vibaya. Uliza tena, ila si hapa. Twende."

Wakaketi kando ya chemchemi.

"Hapa nilikuja kulia mwanangu Isack alipofariki," Salvina alisema. "Nyumbani wageni walikuwa wanataka chai. Pale penye mkuyu, Melkior na kaka yake walipatana baada ya kununiana miaka sita. Na nikifagia hapa, magoti hayaniumi."

"La magoti nalo niandike?"

"Andika! Tena andika la kwanza."

Gladness alifuta sifuri, akajaza ukurasa mbele na nyuma. Walipoinuka, Salvina alimgeuza, akachomoa kijiti kilichonasa kwenye sweta lake, akakirudisha chini.

Mwezi uliofuata vigingi vya barabara vilipigwa ng'ambo ya bonde, mbali na chemchemi. Kimoja kilisimama katikati ya shamba dogo la Salvina la huko, na migomba mitatu ikabidi iondoke.

"Haya, umefurahi?" Melkior aliuliza.

Salvina alikuwa anatafuta ufagio. Ilikuwa Jumamosi.