Kiti cha Nyuma cha Mama Risper

Siku yangu ya kwanza katika gereji ile ya Kisumu, msimamizi wetu, Singasinga mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alinionyesha taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi. "Hii ikiwaka, dainamo haichaji betri," akasema. "Ikiwaka kila saa, kazi rahisi. Ikiwaka leo na kesho imezima yenyewe, hiyo ndiyo ogopa." Nilicheka kimoyomoyo. Taa ya kuogopesha mtu mzima?

Baadaye nilipelekwa tawi la Kombewa, chini ya meneja aliyependa gari litoke haraka kuliko litoke zima, kisha nikarudi Kisumu kuwa mkuu wa umeme. Magari mengi nimeyasahau. Moja linanitoa jasho mpaka leo.

Lilikuwa la Mzee Odhiambo wa Asembo Bay, mwalimu mstaafu. Gari la mviringo, injini nyuma, betri chini ya kiti cha nyuma, umri wake sawa na wangu. Kila Jumanne na Ijumaa alimleta mkewe, Mama Risper, hospitali ya Kisumu kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zilikuwa zimekufa. Akikosa siku moja tu, maji yanamjaa na pumzi inakata. Wakipita gereji, Mzee alipiga honi mara mbili kutusalimia.

Taa ikaanza kuwaka na kuzima. Mzee akaniachia gari siku mbili. Niling'oa kiti nifikie betri, nikapima: volti kumi na nne, dainamo inachaji vizuri. Nikabadilisha kaboni za dainamo, zile zinazopokea umeme kwenye mzunguko wake, nikakaza mkanda. Taa haikuwaka hata mara moja. Nilikuwa nastaafu mwisho wa mwezi, na nikaona aibu kusema sijui.

"Fundi, imepona?" Mzee akauliza.

"Imepona, Mzee."

Ijumaa ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu, wakati wao wa kupita, hakuna honi. Saa tatu na nusu, kimya. Simu ya Mzee haikupatikana. Nikachukua pikapu ya gereji na kushika barabara ya Busia, njia yao ya kuja mjini, nikimwomba Mungu kwa sauti kama mlevi.

Niliwakuta mbele ya Kisian, kando ya barabara, injini imezimika. Taa kubwa na waipa zilikuwa zimekunywa betri yote. Mama Risper alikuwa amelala nyuma, miguu imevimba, akivuta hewa kwa shida. Mimi na Mzee tulimbeba hadi kwenye pikapu. Nilipoendesha nilihesabu pumzi zake, na kila alipokawia kuvuta nyingine nilihisi ni mimi ninayekufa.

Wauguzi walimwahi. Jioni, alipoweza kusema, nikamwambia ukweli: sikuwa nimeona ubovu wowote, nilidanganya.

Akasema, "Nyathina, mwanangu, mimi nilikuwa najua. Nikikaa wima, taa inazima. Nikiegemea, inawaka."

"Mama, mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaongea na Mzee. Mimi nani aliniuliza?"

Kesho yake nilikwenda Kisian lilikobaki gari, nikakikalia kile kiti cha nyuma na kuegemea. Springi zilishuka zikakandamiza waya mnene unaotoka kwenye dainamo. Ndani ya ngozi yake ulikuwa umekatika nusu, ukibanwa umeme haufiki kwenye betri. Siku zote mbili nilipima gari lile kiti kikiwa sakafuni, na mtu wa kukikalia hayupo.

Nimestaafu sasa, nakaa hapa Kisian karibu na barabara. Vijana mnaonitembelea mnaniuliza siri ya ufundi. Mimi nawaambia kaeni pale abiria anapokaa, mumwulize anachoona, na kama hamjui semeni hamjui. Waya ule niliubadilisha wote kwa mkono wangu, na gari halijasumbua tena. Hata hivyo kila Jumanne na Ijumaa naketi mlangoni na kikombe cha chai, na siwezi kukigusa mpaka nisikie honi mara mbili.