Tulimpa Mama dawa za presha kama daktari alivyoandika, zikamwangusha

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi humu huwa napita kimya kimya, nasoma za wenzangu naondoka. Leo naandika kwa sababu nina hasira na sijui niipeleke wapi. Yote haya yametokea ndani ya familia yangu na sijatia chumvi. Majina ya watu na ya kliniki nimeyaacha makusudi, msinifuate inbox kuyauliza.

Mimi ni mzaliwa wa Mbale, nauza spea za pikipiki hapa Jinja, naishi Walukuba na mke wangu Zainabu.

Mama yangu yeye anakaa kijijini Busiu, nje ya Mbale. Ana shamba la mahindi na migomba, na ukitaka kumuudhi mwambie apumzike. Akishaswali alfajiri anakunywa chai ya rangi, anabeba jembe. Ukimpigia simu asubuhi hapokei, unasubiri mpaka jua limkimbize.

Miaka kadhaa iliyopita walimkuta na presha. Tukampeleka kwa daktari mmoja pale Mbale mjini, mwenye kliniki yake, anayetibu familia nzima kuanzia mafua ya watoto mpaka magoti ya wazee. Mtu anayeheshimika. Sisi tulimwita Musawo tu, kama daktari yeyote anavyoitwa huku.

Alianza na kidonge kimoja. Mama akarudi kupimwa, presha bado iko juu. Akaongeza dozi.

Akarudi tena, bado. Akaongezewa dawa ya pili, ile ya kukojoza. Baadaye ya tatu. Baadaye ya nne.

Mimi huku Jinja nilikuwa napewa habari kwa simu, na kusema kweli niliona tumepata daktari makini. Presha ikipanda naye anapanda nayo.

Sasa mwaka huu presha ikawa mbaya zaidi. Musawo akamwambia Mama asikae peke yake, atafute mtu wa kumsimamia dawa. Nikaenda Busiu, nikamchukua, nikamleta Walukuba. Alikuja amenuna kwa sababu mahindi yalikuwa yanataka palizi.

Zainabu anampenda Mama kuliko mimi ninavyompenda, nawaambia ukweli. Alisoma kila pakiti ya dawa. Kila asubuhi baada ya uji anampangia vidonge kwenye kisahani, anasimama pale mpaka vyote viishe. Siku ya kwanza Mama aliuliza kama ni lazima avimeze vyote kwa pamoja. Zainabu akamjibu kwa upole kwamba ndivyo Musawo alivyoandika. Mama akameza.

Siku chache tu, Mama akawa mtu mwingine. Kimya. Analala mpaka jua linawaka. Akasema miguu anaisikia kama si yake. Sisi tukadhani amekumbuka shamba.

Mchana mmoja alikuwa anaswali adhuhuri sebuleni. Akasujudu, akainuka kusimama, akaanguka ubavu.

Sikuwepo. Zainabu alinipigia dukani, na kabla hajasema neno nilimsikia Mama kwa nyuma analia. Mama yangu sijawahi kumsikia akilia, hata tulipomzika baba.

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitali hapa Jinja tulimkuta daktari mmoja mwanamke, mpole, si mtu wa maneno mengi. Akaomba tumletee dawa zote. Zainabu akaleta mfuko, daktari akazipanga kitandani. Akampima Mama presha akiwa amelala. Kisha akatuomba tumwinue taratibu aegemee mito, akampima tena. Presha ikaporomoka pale pale na Mama akaanza kuona giza.

Yule daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akamuuliza:

"Mama, ulipokuwa Busiu, katika hizi zote ulikuwa unameza ipi?"

Mama akaniangalia mimi. Akamwangalia Zainabu. Akanyoosha kidole kwenye pakiti moja.

"Hii. Na siku nyingine nusu."

Wakuu, nilitoka nje nikasimama kwenye korido.

Niliporudi Mama alikuwa anaeleza yote. Ile ya kukojoza aliiacha kwa sababu yuko shambani mbali na choo, na akipanda taksi ya abiria wengi kwenda Mbale dereva hasimami kila mahali. Nyingine ilimletea kikohozi kikavu mpaka mbavu zikauma. Alimwambia Musawo kuhusu hicho kikohozi. Musawo akamwandikia dawa ya kikohozi!

Na kwa nini hakusema kwamba hamezi? Alisema. Mara moja, mwanzoni kabisa. Musawo akamfokea mlango uko wazi, wagonjwa wote kwenye benchi wanasikia, kwamba kama anataka kufa asimpotezee muda. Tangu siku hiyo Mama akawa anaitikia tu. Na Musawo hakumuuliza tena.

Daktari wa Jinja alinieleza kwa maneno machache. Yule mwenzake alikuwa anapima presha ya mtu ambaye karibu hamezi kitu, halafu anamwandikia kama mtu ambaye dawa zimeshindwa kumsaidia. Siku alipozimeza zote, mwili ukashindwa.

Kwa hiyo Zainabu, aliyefuata maagizo neno kwa neno, ndiye aliyekuwa analia kuliko wote pale wodini. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa.

Mama alipofanyiwa operesheni nikapanda gari kwenda Mbale.

Musawo alinipokea vizuri, akaniuliza habari za Mama. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema presha ya Mama ilikuwa juu kweli, na kama angeiacha akapata kiharusi, ningekuja kumgombeza hapo hapo kwenye kiti hicho.

Hapo nakiri alikuwa na hoja. Ningekuja.

Lakini nikamuuliza, "Ulimuuliza kama anazimeza?"

Akatazama mlangoni, foleni ilipokuwa.

"Ssebo, bwana wangu, watu ni wengi. Nikikuta presha iko juu naongeza dawa. Ukianza kumuuliza kila mmoja humalizi leo, na wenyewe wanadanganya."

Nikamwambia kwamba Mama alidanganya kwa sababu siku aliyosema kweli yeye alimfokea mbele ya watu.

Akafikiri kidogo. Akasema hakumbuki.

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu. Abishe, anifukuze, aombe radhi. Hilo halikuwemo. Mama amelibeba lile neno miaka yote, limemfunga mdomo mpaka nyonga imevunjika, na aliyelisema hata halikumbuki. Akaniambia nimlete Mama ampunguzie dozi. Niliondoka bila kuaga.

Sasa Mama yuko kwangu, anatembea kwa kushikilia kile chuma cha miguu minne. Daktari wa Jinja amemwachia dawa mbili, baada ya kumuuliza zipi anaziweza. Tunampima hapa hapa nyumbani na presha imetulia.

Juzi aliniuliza kama niliongea na Musawo kwa adabu, maana ni mtu mkubwa. Nikamwambia ndiyo, Mama.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpeleka mzee wako kliniki, beba dawa zote, na zile ambazo hazijaguswa. Kabla hamjafika muulize mwenyewe, taratibu, ipi anameza na ipi inamsumbua, na asikuone unakasirika. Daktari akitaka kuongeza dawa, wewe mtangulie kusema ukweli. Akifoka, mwache afoke, wewe ukae pale mpaka asikie.

Wenye wazazi wenye presha, leteni yenu hapa tusikie. Na madaktari mliomo humu, najua mpo, msije na lawama kwa wagonjwa. Nijibuni moja tu: mgonjwa akirudi na presha imepanda, mkono wako unaenda kwenye kalamu kwanza, au unamuuliza?