Pindo Nililolifumua Ng'ambo ya Ruvuma

Kosa ni langu, jamani, simsingizii shetani. Mdogo wangu Saidi aliuawa kwa mapanga ng'ambo ya Ruvuma, na aliyemuuza ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu!

Saidi alivunja mgongo aking'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, Nachingwea. Alikuwa na mchumba ng'ambo, upande anaotawala Mreno, na mkwe alikataa mahari ya shilingi. Kodi analipa kwa hela ya Mreno, shilingi zetu azipeleke wapi?

Siku tunaondoka kijijini kwetu Matambarale, mama alizishona noti kwa mkono wake. Nusu kwenye pindo la shuka langu, nusu kwenye koti la Saidi. Akatuusia tubadilishe kidogo kidogo, leo duka hili, kesho lile, na hela zisikae kwa mtu mmoja. Nikaitikia, moyoni nacheka. Mama mwenyewe hata Lindi hajafika!

Tukavuka salama. Duka la kwanza tu, nikakaa barazani nikafumua pindo langu mbele za watu, nikafumua na koti la Saidi, nikabadilisha zote kwa mkupuo. Nilikuwa na kiu ya pombe, niseme uongo?

"Kaka, mama alisema nusu kwa nusu," Saidi akaniambia.

Nikamfokea. Mahari ni yake, abebe mwenyewe. Nikamfunga zote tumboni kwa kitambaa, chini ya shati.

Kwenye pombe wenyeji walitukaribisha vizuri, wanaongea Kimakua chao. Saidi hakutulia, kila saa anataka tuondoke. Nikamjibu kwa Kimwera chetu, kwa sauti, aache woga, nani atajua kwamba mzigo wote uko tumboni mwake? Nilidhani Kimwera kinaishia mtoni. Akili gani ile! Wanaume wangapi wa upande ule wamekuja kung'oa visiki Nachingwea, wakala na kulala nasi?

Asubuhi, njiani, wakatoka vichakani watatu. Mimi hawakunipekua hata. Mmoja alinisukuma kando kama mbuzi, wawili wakambwaga Saidi. Alipong'ang'ania shati wakampiga panga la mkono, vidole vikabaki majanini. Yule aliyenisukuma akanitazama, akasema kwa Kimwera safi kabisa:

"Ni tumboni. Si ulisema mwenyewe?"

Panga likapasua kitambaa na tumbo pamoja. Saidi alikuwa ananiita. Nami nilisimama, wallahi, nilisimama tu!

Walipokwenda nikamfunga utumbo kwa shuka langu, nikambeba mgongoni. Alikata roho kabla hatujauona mto.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba tuliporwa wote wawili. Hakulia. Alilichukua lile shuka lenye damu, akalipapasa pindo mpaka akafika kwenye mshono wake. Hapakuwa na alama ya panga.

"Huu nimeushona mimi," akasema. "Nani kaufumua?"

Nilitoka nje. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, lakini jina langu halitaji.

Ninyi mnaokwenda nchi za watu, gawaneni hela, badilisheni kidogo kidogo, na mkiwa ugenini msiongee habari ya hela kwa lugha yoyote. Na mama akikushonea pindo, ndugu yangu, liache kama alivyolishona.