Zimwi Lililokaliwa

Fundi Sponji alikuwa na donge moja moyoni, nalo halikuwa la mapenzi wala la maradhi. Tangu ujana wake alitengeneza makochi, na makochi yake yalipendwa. Ila kila aliyenunua kazi yake aliisogelea, akaigeuzia mgongo, akaikalia. Fundi wa milango, kila anayebisha huitazama kazi yake. Mchora mabango, usiseme. Lakini yeye, maskini ya Mungu, mashabiki wake walikuwa makalio matupu. Mkewe alipomsikia akinung'unika hivyo alimwambia ashukuru, maana makalio hayana umbea.

Basi siku moja akaingia karakanani dada mmoja mwenye pini zimejipanga kwenye ukosi wa shati. Huyu ndiye aliyekuwa akibuni maleba, yaani mavazi ya waigizaji, kwa ajili ya filamu iliyokuwa ikipigwa kwenye ghala kuukuu nyuma ya soko. Filamu ya maajabu: mfalme, zimwi, watu wanaopaa bila mbawa. Alikuja kununua sponji tu. Lakini akaliona kochi limelazwa chali, miguu juu, tumbo wazi, springi nje, akasimama pale kama aliyekutana na jamaa yake aliyepotea. Akamwuliza fundi kama anaweza kushona zimwi.

"Lenye mtu ndani?" akauliza fundi.

"Lenye mtu ndani."

"Na watu watalitazama usoni?"

"Walitazame, halafu watimue mbio. Wasipokimbia, fundi wangu, mwongozaji ataagiza zimwi jingine huko mbali, na mimi na wewe tukashone foronya."

Fundi akalishona kwa roho yake yote. Mchoro aliopewa ulikuwa na mabega mapana, kifua kama jabali, mikono ya kuponda watu, na aliufuata, Mungu shahidi. Lakini mikono yake ilikuwa na mazoea yake. Kifua alipokwisha kukijaza akakivuta kwa vifungo, kikakaa vishimo vishimo. Mikono ya kuponda watu ikatoka minene, bapa kwa juu, imekaa kama ya kuwekea kikombe cha chai. Na mapajani akatia springi, kwa sababu hakuweza kufikiria paja lisilo na springi. Mkewe akalizunguka, akalibonyeza, akasema ni zuri. Fundi akanuna mpaka jioni. Nani amesikia zimwi zuri?

Ndani akatiwa mwigizaji mwembamba, mpole, aliyejaliwa ngurumo. Siku ya kupiga picha wakamfunga zipu mgongoni, wakamwambia angoje kwenye kona ya ukumbi wa mfalme mpaka aitwe. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba na rangi ya dhahabu, hata madirisha yake yalikuwa ya kuchorwa, na joto la mataa lilikuwa la kuokea mikate. Jamaa akachoka, akachuchumaa. Na zimwi lile likichuchumaa, jamani, lilikuwa kochi.

Kwanza mpambaji wa nyuso akatua kikombe chake juu ya mkono wa kochi hilo. Kisha askari wa mfalme, waliokuwa wamesimama na deraya za maboksi tangu asubuhi, wakaja mmoja mmoja wakajitupa. Hakuna aliyeuliza. Kochi unaliuliza nini?

Fundi aliyaona hayo akiwa mlangoni. Alitaka kusema, lakini aibu ikamziba mdomo, maana angesemaje? Ondokeni, hilo si kochi? Pembeni yake dada wa maleba alikuwa akitafuna kucha. Mara mfalme mwenyewe, mtu mnene mwenye heshima zake, akashuka kutoka kiti chake cha enzi kilichokuwa kikimchoma misumari, akawafukuza askari, akakaa. Akajisogeza. Akajisogeza tena, akafumba macho.

"Sasa hiki," akasema, "ndicho kiti cha mfalme."

Mwongozaji akageuka. Akatazama huku, akatazama kule, akauliza, "Zimwi langu liko wapi?"

Yule wa ndani akajua ameitwa. Akanguruma, akasimama.

Mfalme aliruka, na springi zikamwongezea. Askari walitoka kwa kupitia dirisha la kuchorwa, wakaliacha likiwa dirisha la kweli. Mpambaji alionekana tena kesho yake. Na kamera, iliyokuwa imewashwa kujaribu mwanga, ilinasa yote. Mwongozaji akaibadilisha hadithi: zimwi limo ukumbini siku zote, na mfalme amelikalia bila kujua.

Fundi alirudi nyumbani kichwa chini, akamweleza mkewe kwamba walilikalia.

"Lakini walikimbia?"

"Walikimbia sana."

"Basi kula chakula, mume wangu."

Filamu ikaonyeshwa, mji mzima ukaenda. Jumapili iliyofuata mama mkwe akaja kuwatembelea, yeye ambaye miaka yote hujibwaga kwenye kochi la mkwewe bila kulitupia jicho. Safari hii akasimama mbele yake. Akaliinamia, akalikagua kutoka mgongoni mpaka miguuni, vifungo, mishono, yote.

"Hodi," akaliambia.

Fundi alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, machozi ya furaha yanamlenga.

"Karibu, mama," akaitikia.

Mama mkwe akarudi kinyumenyume, macho hayabanduki kwenye kochi, akavuta kigoda.